Timu Ikihama, Mashabiki Hubaki na Nani?

Katika soka la Tanzania timu huhama kwa namna mbili, na si kila mtu huzitofautisha. Ya kwanza ni kuhama uwanja. Jina ni lile lile, wachezaji ni wale wale, lakini mechi za nyumbani zinapigwa mkoa mwingine kwa sababu uwanja umefungiwa na Bodi ya Ligi, unakarabatiwa, au ni mdogo mno kuwapokea Simba na Yanga. Ya pili ni kuhama kabisa. Nafasi ya daraja inauzwa, au mwenye timu anaamua kuondoka, na baada ya hapo mji, jina na rangi ya jezi vinabadilika. Kinachobaki ni daraja. Ya kwanza huitwa dharura hata ikidumu misimu mitatu. Ya pili huitwa uwekezaji.

Mifano ya namna ya pili haiko mbali. DTB, timu ya Dar es Salaam iliyobeba herufi za benki, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2022, na ligi ilipoanza ilikuwa tayari Singida ikiitwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikawa Singida Fountain Gate. Miezi ya mwanzo ya 2024 ikahamishia mechi zake Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, na msimu wa 2024/25 ikaonekana Babati, mkoani Manyara, ikiitwa Fountain Gate peke yake. Singida haikukaa bila timu. Ihefu ya Ubaruku, wilayani Mbarali, ile iliyokatisha mwendo wa Yanga wa mechi 49 za ligi bila kufungwa Novemba 2022, iliingia Uwanja wa Liti msimu wa 2023/24 ukiwa unaendelea, na msimu uliofuata ikawa Singida Black Stars. Tabora nako Kitayosce, yenye asili ya Kilimanjaro, ilipanda mwaka 2023 na kupewa jina la Tabora United. Mwaka 2025 ikabadilishwa tena kuwa TRA United.

Shinyanga na Geita hazimo katika orodha hiyo. Hata hivyo ndiko mahali pazuri pa kuupimia mjadala wenyewe, kwa kuwa katika ukanda huo wa almasi na dhahabu karibu kila kitu huhama: wachimbaji, wadhamini, mechi za nyumbani, hata mipaka ya mikoa. Sauti tatu husikika suala hili linapoibuka kwenye vijiwe na mabanda ya kuonyesha mpira. Moja ni ya mtetezi wa kuhama, mfanyabiashara anayeiona timu kama mradi unaopaswa kwenda kulipo na soko. Ya pili ni ya mpinzani, mtu mzima wa stendi ya mabasi Shinyanga. Ya tatu ni ya mchimbaji mdogo wa Geita, kijana ambaye pande zote mbili humtaja katika hoja zao lakini hazimuulizi. Hawa ni hoja zilizovishwa watu. Hakuna mwenye jina.

Mtetezi huanza na hesabu. Ligi Kuu ina timu 16, maana yake kila timu inacheza mechi 30, na 15 kati yake ni za ugenini. Kwa timu ya Kanda ya Ziwa, ugenini ni Dar es Salaam, Tanga, Mbeya au Ruangwa. Ni safari za siku nzima barabarani, hoteli, chakula cha watu zaidi ya 25 na posho. Viingilio vya mechi za kawaida haviwezi kubeba gharama hizo. "Mzee wangu," anamwambia mpinzani, "timu haili mapenzi. Mashabiki mia tano wa kweli hawawezi kuilipia hata basi la kwenda Ruangwa." Kwake, anayehamisha timu kutoka mahali isipolipa hadi mahali penye mdhamini, halmashauri iliyo tayari na uwanja wenye taa ameiokoa. Anaitaja Singida kwa makusudi. Mji huo ulikuwa na Singida United iliyoshuka daraja mwaka 2020. Miaka miwili baadaye wakapata Ligi Kuu tena bila kusubiri, na Singida Big Stars ikamaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza na kufuzu Kombe la Shirikisho Afrika. Waliokaa jukwaani Liti hawakuuliza cheti cha kuzaliwa cha timu.

Mpinzani hana ugomvi na hesabu. Anachokataa ni picha ya shabiki iliyojificha ndani yake, shabiki anayepatikana popote penye uwanja kama abiria anayepanda basi lolote linaloelekea kwao. Anaeleza Stand United ilivyopatikana. Ilizaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, mikononi mwa wapiga debe, makondakta, madereva na wafanyabiashara wa pale, ikapanda ngazi kwa ngazi hadi Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na mashabiki wakaiita Chama la Wana. "Sisi timu yetu ilipanda kwa miguu yake," anasema. "Hakuna aliyetuletea kwenye lori." Kijana aliyekuwa akipiga debe la mabasi ya Mwanza asubuhi alijua mchango wake uko wapi jioni Uwanja wa Kambarage. Ufahamu wa namna hiyo, kwa hoja yake, haupakiwi na kupelekwa mkoa mwingine.

Hapo mtetezi huvuka bahari. Marekani, anakumbusha, kuhama kwa timu ni jambo la kawaida, na mchezo wa besiboli ndio wenye mifano inayotajwa zaidi. Dodgers waliondoka Brooklyn baada ya msimu wa 1957, miaka miwili tu tangu wachukue ubingwa wa nchi mwaka 1955, wakaenda Los Angeles. Giants nao walihamia upande huo huo wa magharibi, San Francisco. Expos wa Montreal walichezea Kanada tangu 1969 hadi 2004, kisha wakawa Nationals wa Washington. Athletics wamekuwa wasafiri kuliko wote: Philadelphia, Kansas City, Oakland, na baada ya msimu wa 2024 Sacramento, wakisubiri uwanja wa Las Vegas. Los Angeles ya leo inawapenda Dodgers bila kujiuliza, na watoto wa waliowapenda wakiwa Brooklyn wengi waliishia kuishabikia Mets, timu iliyoanzishwa New York mwaka 1962. Jeraha lilipona, na kila upande ukapata timu.

Mfano huo una nguvu, lakini una kasoro ambayo mpinzani huiona haraka. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani imefungwa. Ina timu 30, hakuna kupanda wala kushuka, na mji usio na timu una njia mbili tu: kusubiri ligi iongeze timu au kuichukua ya wengine. Tanzania mlango uko wazi. Timu inaweza kuanzia ligi ya wilaya, ikapita ya mkoa, ikapita ligi ya mabingwa wa mikoa na madaraja ya kati, hadi juu. Mji unaonunua nafasi ya daraja haufanyi hivyo kwa kukosa njia, umechoka kusubiri. (Besiboli yenyewe ipo Tanzania kidogo, imefundishwa shuleni kwa msaada wa Wajapani tangu muongo wa 2010, ila haijafikia kuwa na timu ya kugombaniwa.) Kwa hiyo swali linalofaa nchini si kama mashabiki wa Brooklyn walisahau. Ni kwa nini mji wenye ngazi ya kupanda unachagua kununua paa la mwenzake.

Mtetezi anajibu kwamba ngazi hiyo ni ndefu kwa anayeitazama kutoka chini, na kwamba fedha nyingi hupotelea katika madaraja ambayo hayaonyeshwi kwenye televisheni. Ni jibu la kweli. Haliondoi hoja, linaifafanua tu: kinachonunuliwa ni muda, na muda huo ndio ambao timu ya Shinyanga iliutumia kuwapata watu wake.

Mchimbaji wa Geita ana kisa kingine, cha timu isiyouzwa wala kubadili jina. Geita Gold ni ya halmashauri na imekuwa ikidhaminiwa na mgodi wa Geita Gold Mining, ulio chini ya AngloGold Ashanti. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na msimu wa kwanza tu ikamaliza ya nne, huku mshambuliaji wake George Mpole akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Kwa mkoa uliozaliwa mwaka 2012 ilikuwa sherehe kubwa. Lakini uwanja uliokuwepo Geita ni ule wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu, na zilipokuja Simba na Yanga, mwenyeji alikuwa akiwapokea CCM Kirumba, Mwanza. Hata mechi ya nyumbani ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2022, dhidi ya Hilal Al-Sahil ya Sudan, ilichezwa Dar es Salaam.

"Mimi timu yangu haikuhama," anasema, "ila mechi nilizotaka kuziona zilihama zote." Kutoka Geita hadi Kirumba ni zaidi ya kilomita 100 na, kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, safari hiyo ilikatwa na kivuko. Mwenye gari alipanga foleni. Asiye nalo alihesabu nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, kiingilio, na siku nzima ya kutokuwa kwenye duara la machimbo, wakati wenzake wanagawana mawe. Akabaki kwenye banda la kuonyesha mpira akilipa kiingilio cha banda, akiitazama timu ya mjini kwake ikiwa nyumbani katika mji wa watu wengine. Mechi ndogo zilibaki Nyankumbu.

Mtetezi hushangaa malalamiko haya. Mwanza si ugenini kwa mtu wa Geita, anasema, kwa kuwa Geita yenyewe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza hadi 2012. Na kwa mwenye timu, mechi na Yanga ikipelekwa kwenye uwanja mkubwa ndiyo inayolipa mishahara ya mwezi. Mpinzani naye hakubali kirahisi kuwa hapo ndipo ukweli ulipo. Anauliza watu wa Mwanza walifanya nini na timu waliyoletewa. Mbao na Alliance zote zilikuwa zimeshuka mwaka 2020; misimu yote mitatu ya Geita Gold Ligi Kuu, mji wa pili kwa ukubwa nchini haukuwa na timu yake humo, na Geita Gold ilikuwa ikija mlangoni kwao. Kama hoja ya soko ingetosha, Kirumba ingekuwa ya Geita. Badala yake mji huo uliendelea kuingojea Pamba, TP Lindanda ya zamani, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji baada ya kuwa nje tangu 2001. Geita Gold ilishuka mwaka huo huo wa 2024.

Shinyanga pia imewahi kuwa mwenyeji wa wageni wa namna hii. Kaitaba ya Bukoba ilipokuwa ikiwekewa nyasi bandia, Kagera Sugar ilizichezea mechi zake za nyumbani Tabora na baadaye Kambarage. Watu wa Shinyanga walikwenda uwanjani, wakaangalia mpira mzuri, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyedai kuwa Kagera Sugar imekuwa yao, na timu yenyewe haikudai. Pengine ndiyo maana kuhama huko hakukuacha kovu: kila mtu alijua nyasi zikikamilika wageni wataondoka.

Lipo jambo ambalo pande zote mbili hulipita kwa haraka, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Mashabiki wengi wa ukanda huu wana timu kabla hawajawa na timu ya mji wao. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote Dar es Salaam, na kwa kuwa redio ilizifikisha kila kijiji, mtoto wa Maswa au Kishapu hurithi moja kati ya hizo kutoka kwa baba au mjomba kabla hajaona uwanja wowote. Siku Yanga inapoingia Kambarage, mwenyeji huwa mgeni. Njano na kijani vinafunika majukwaa, na anayeshangilia bao la timu ya mkoa hutazamwa kama aliyekosea mlango. Si ajabu kumsikia mtu wa Shinyanga akisema anaipenda timu ya nyumbani mechi 26 za msimu. Nne zilizobaki, mbili na Simba na mbili na Yanga, ana udhuru.

Mtetezi huichukua hali hii kama ushindi wake. Kama mtu wa Kahama anaweza kuifia timu ya Kariakoo, Dar es Salaam, ambayo haijawahi kuishi mkoani kwake, basi mapenzi hayahitaji ardhi, na kelele kuhusu timu inayohama kilomita 300 hazina msingi. Mchimbaji anamsahihisha, na hapa ndipo anapojua zaidi ya wote wawili. Ametoka Kwimba. Amefanya kazi Mgusu, akaenda Nyarugusu, rashi ya dhahabu ilipotokea Kahama akaenda Kahama. Katika kila machimbo amekuta banda la kuonyesha mpira, na katika kila banda amekuta watu wa Simba na watu wa Yanga wamekaa pande zao. "Kaka, mtu kama mimi siwezi kubeba Stand United," anasema. "Nikifika Chunya, nitaishabikia na nani? Simba naikuta imeshafika." Mtu anayehama huchagua timu isiyoachwa nyuma. Hiyo haioneshi kuwa timu yoyote inaweza kuhama. Inaonesha kuwa timu mbili tu nchini zimekwisha kuwa kila mahali, na zimefika huko kwa matawi na kadi za uanachama, kwa mkutano mkuu ambao mtu wa tawi la mkoani hutuma mjumbe na kulalamika asiposikilizwa. Hazikuhama Kariakoo, zilitawanyika.

Timu za mkoani hazina utawanyiko huo. Shabiki wake ni yule anayekaa karibu, na anapoiacha timu au timu ikimwacha hakuna tawi la kumshikilia.

Baada ya hoja hiyo mpinzani hupata shida yake mwenyewe, na shida hiyo inaitwa Mwadui. Mwadui FC haikuhama wala kubadili jina. Ni timu ya mgodi wa almasi wa Williamson, uliogunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia John Williamson, na uwanja wake uko Mwadui kwenyewe, katika mji uliojengwa na mgodi. Ilirudi Ligi Kuu mwaka 2015, na mechi yake na Stand United ikawa pambano la mkoa. Kwa kipimo cha mpinzani hakuna timu yenye mizizi kuzidi hii. Lakini Aprili 2020 mgodi ulisimamisha uzalishaji kwa sababu ya bei ya almasi kuporomoka wakati wa korona, na msimu wa 2020/21 Mwadui ikashuka daraja. Katika msimu huo mechi zake na Simba na Yanga zilikuwa zikichezwa Kambarage. "Hiyo nayo utasema ilihamishwa na mwekezaji?" mtetezi anamuuliza. Swali ni la haki. Timu inaweza kubaki palepale na mashabiki wakabaki bila timu, kwa sababu kilichoishikilia pale kilikuwa mshahara mmoja kutoka mfuko mmoja.

Mpinzani angeweza kujibu kwa Stand United, na mara nyingi hataki, maana kisa chake kinauma. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, iliingia nayo mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya mabilioni ya shilingi. Fedha zilipoingia likaibuka swali ambalo wakati wa michango ya stendi halikuwahi kuulizwa: timu ni ya nani? Kundi moja lilitaka iendeshwe kama kampuni, jingine likasema ni ya wanachama na itabaki ya wanachama. Mwaka 2016 mgogoro uliigawa klabu na mdhamini akajitoa. Stand United ilidumu Ligi Kuu hadi ilipoteremka mwishoni mwa msimu wa 2018/19. Acacia nayo haipo tena. Barrick iliichukua yote mwaka 2019, na mgodi wa Buzwagi, jirani na Kahama, ulifika mwisho wa uhai wake mwaka 2021. Katika ukanda wa madini hata mdhamini ni mpita njia.

Visa hivi vikiwekwa pamoja, umbali hauelezi mengi. Mtu wa Geita aliumizwa na kilomita 100 za kwenda Mwanza. Mtu wa machimbo ya Chunya haumizwi na mamia ya kilomita hadi Dar es Salaam. Fedha nazo hazielezi mengi, kwa kuwa Stand ilivunjika zilipokuja na Mwadui ilishuka zilipokwisha. Kinachoeleza zaidi ni kauli: nani anaulizwa kabla timu haijaamua. Wana wa stendi walipoulizwa, walichanga. Walipoona wengine wanaamua, wakagawanyika ingawa timu ilikuwa bado Kambarage, mtaa wa pili kutoka kwao. Kuhama ni namna iliyo wazi zaidi ya kuamua bila kuuliza, ndiyo maana huonekana kama chanzo cha maumivu, wakati maumivu yenyewe yanaweza kuanza timu ikiwa bado nyumbani.

Uingereza ina kisa kinachoikaza hoja hii. Mwaka 2002 klabu ya Wimbledon ya kusini mwa London iliruhusiwa na tume ya chama cha soka kuhamia Milton Keynes, nje kabisa ya London, licha ya mashabiki kupinga. Mashabiki hawakuishia kususia. Kiangazi cha mwaka huo huo walianzisha AFC Wimbledon, klabu inayomilikiwa na wao wenyewe, wakaiingiza ligi ya chini ya mitaa, na mwaka 2011 ikawa imepanda hadi ligi za kulipwa. Mtetezi hukubali kwamba kisa hiki hakimsaidii, lakini anaongeza kwamba Milton Keynes nayo ilipata timu na watoto wa huko wanaipenda bila hatia. Anachosema ni kweli pia. Timu iliyohama hupata mashabiki wapya. Wanaozaliwa baada ya lori kufika hawana cha kusamehe. Anayedai kwamba uaminifu huo ni wa bandia atalazimika kueleza kwa nini wa mtoto wa Shinyanga aliyerithi Simba kwa mjomba ni wa kweli.

Mwaka 2025 mjadala huu ulipata mechi yake. Stand United na Geita Gold zilimaliza Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, katika nafasi za mchujo, zikapangwa zenyewe kwa zenyewe, na Stand ikaitoa Geita. Timu iliyobaki kati ya Stand na Ligi Kuu ilikuwa Fountain Gate, timu ile ile iliyopita Dar es Salaam, Singida na Mwanza kabla ya kutua Babati. Timu ya stendi dhidi ya timu ya safari: mwandishi wa tamthilia asingethubutu kupanga hivyo. Fountain Gate ilishinda na kubaki Ligi Kuu.

Mtetezi anayasoma matokeo hayo bila kusita. Timu iliyohama mara tatu ilikuwa na kikosi, benchi la ufundi na fedha za usajili. Iliyobaki nyumbani ilikuwa na majukwaa. Mpinzani anayasoma kwa upande mwingine: Stand United ilishuka mwaka 2019, ikakaa madaraja ya chini misimu sita, na iliporudi kwenye mchujo watu wake walikuwepo kuipokea Kambarage. Anataka kujua nani angekuwa Singida au Mwanza kuipokea Fountain Gate kama ingeshuka siku hiyo. Mchimbaji anacheka kidogo. Geita ilikuwa imetolewa na majirani, na angalau kwa mara moja mechi ya nyumbani ilichezwa nyumbani.

Swali la kanuni ndilo lisilo na majibu mepesi. Mpinzani anapendekeza kwamba timu isiruhusiwe kubadili mkoa na jina bila kura ya wanachama, na hilo liwe sharti la leseni ya klabu. Mtetezi anaonesha tundu lililopo: timu nyingi zinazohama hazina wanachama kabisa. Zina mmiliki, taasisi au kampuni, na kura ya mtu mmoja siyo kura. Timu za majeshi zimehama vituo mara nyingi na hakuna aliyeitishiwa mkutano. Kuhusu timu za halmashauri kama Geita Gold, anasema, wananchi wanao madiwani. Wawaulize hao kwa nini timu inacheza Mwanza.

Mchimbaji anakataa jibu hilo. Jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura la Kwimba, na nusu ya anaokaa nao kwenye banda la mpira wameandikishwa Maswa, Bariadi au Kigoma. Diwani wa Geita hamjui. Anayenunua jezi, kulipa kiingilio na kupiga kelele Nyankumbu si yule anayeweza kumwondoa diwani madarakani. Katika mji wa dhahabu shabiki na mpiga kura ni watu wawili tofauti, na kanuni yoyote inayomtafuta shabiki kupitia makazi itamkosa.

Hapo mpinzani analegeza msimamo wake na kupendekeza kadi ya uanachama isiyofungwa na makazi, kama zile za Simba na Yanga, itakayomruhusu hata mtu aliyehamia Chunya kubaki mwanachama wa timu ya Geita. Mtetezi anaafiki kwa sharti moja: kadi hiyo ilipiwe ada kila mwaka, na aliyelipa ndiye apige kura siku ya kuamua timu itachezea wapi.